Aliyeshindwa vitani: aadhibiwe nani, na kwa kosa gani?



Usiku wa Alkhamis iliyopita tulikaa barazani kwangu hapa Darsait, watu watano na dele moja la kahawa. Televisheni ilikuwa wazi ndani, khabari za vita kama kawaida, na mabwana wakubwa wanabishana nani atalipa vita vikesha. Kijana wa ndugu yangu, mhandisi, kazaliwa hapa hapa Maskati, akasema: "Ami, mimi naona aliyeshindwa vitani akamuliwe mpaka asiweze kunyanyuka tena. Ukimhurumia leo, kesho atakurudia."

Mzee mmoja katika sisi, ambaye miaka ya 70 alikuwa akiendesha malori ya jeshi huko Salala, akaweka kikombe chini. Akamwambia: "Mwanangu, mimi nimekula sahani moja na watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakitega mabomu njiani kwangu. Na mpaka leo Idi ikifika hunipigia simu."

Kijana hakukubali. Akatugeuzia swali: "Haya. Na wale waliotutoa Unguja jee? Siku tukipata nguvu, na hao pia tule nao sahani moja?"

Hapo kila mtu akajifanya anatafuta tende. Hata mimi, niliyesomesha tarikh miaka thalathini, sikuwa na jibu la kumpa papo kwa papo. Nimekaa na swali lake siku kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata. Atakayeona nimekosea anisahihishe.

Kwanza tutenganishe mambo, maana nadhani nusu ya ugomvi wetu ulikuwa wa maneno. Kumnyang'anya silaha aliyeshindwa ni jambo moja. Kumshika mtu kwa jina lake, ukasema fulani bin fulani kaua, kachoma, kapora, ukamsimamisha mbele ya kadhi, ni jambo la pili. Kurejesha kilichoporwa ni la tatu. Haya matatu sijaona mwenye akili anayeyapinga. La nne ndilo lenye matatizo: kuwachukua watu wote, wakubwa kwa watoto, ukawaambia mna deni nyote kwa sababu ya kabila lenu au nchi yenu. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nusu ya kwanza ya methali hii tunaikumbuka sote, nusu ya pili huwa tunaisahau.

Mjadala huu kila pahala huanzia Versailles, na mimi nitaanzia huko huko, ila nitaingilia mlango wa kwetu. Mkataba ule uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 una kifungu cha 231 ambacho wanafunzi wote wa tarikh wanakijua, kile kilichoibebesha Ujerumani na washirika wake jukumu la hasara za vita. Wachache wanakijua kifungu cha 246. Hicho kiliiamrisha Ujerumani ikabidhi fuvu la kichwa cha Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Mkwawa alijiua mwaka 1898 alipozidiwa na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Basi katika mkataba mzima ule wa vifungu zaidi ya 400, hicho ni miongoni mwa vichache vilivyotaja dhulma aliyofanyiwa mtu wa Afrika Mashariki. Matokeo yake? Miezi sita ikageuka miaka 35. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, Gavana Twining alipolileta kutoka Bremen na kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Pesa lakini hazikusahauliwa. Mwaka 1921 deni likapangwa London: marki za dhahabu bilioni 132. Walipochelewa kulipa, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia Ruhr, Januari 1923. Serikali ya Ujerumani ikachapisha noti bila ya hisabu, na kufikia Novemba mwaka huo dola moja ya Marekani ilikuwa marki trilioni 4.2. Sasa ulizeni, nani aliyeumia? Aliyeumia ni mjane mwenye akiba yake benki, mwalimu aliyestaafu, mtoto aliyezaliwa baada ya vita kwisha. Kaiser Wilhelm, ambaye mkataba huo huo ulitaka ashitakiwe, alikimbilia Uholanzi, Waholanzi wakakataa kumtoa, akaishi Doorn katika jumba lake mpaka alipokufa mwaka 1941.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mtu wa Songea anaweza kuniambia: Mjerumani kastahiki. Hakuna aliyemwonea huruma babu yake wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, pale majeshi ya Kijerumani yalipochoma vijiji na mashamba na ghala za nafaka makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo risasi haikuimaliza. Wataalamu wanakisia waliokufa ni baina ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Hiyo nayo ilikuwa adhabu kwa walioshindwa, na ni kali kuliko yoyote niliyoitaja hapa. Lakini hebu mfuate mwenye kosa. Gavana Götzen, aliyeviendesha vita vile, alikufa zake Hamburg mwaka 1910, kabla ya Versailles kufikiriwa. Mjane wa mwaka 1923 aliyepoteza akiba yake hakulipa deni la Songea. Na hata angelilipa, pesa zilikuwa zikienda Paris na Brussels na London. Tanganyika yenyewe, iliyodhulumiwa, ilihesabiwa kuwa ni mali ya aliyeshindwa, ikatolewa kwa Mwingereza kama anavyopewa mtu ng'ombe wa jirani yake. Na wale wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, hawakuwa na mtu wa kuwasemea mezani.

Sitaki nizidishe. Si kweli kwamba Versailles peke yake ilimzaa Hitler, kama tulivyokuwa tukifundishwa skuli. Ujerumani yenyewe iliitoza Ufaransa faranga bilioni 5 mwaka 1871, Ufaransa ikazilipa zote kufikia 1873 na haikufa. Na mkataba ambao Ujerumani iliwalazimisha Warusi kule Brest-Litovsk, Machi 1918, ulikuwa mkali zaidi. Hitler alishika serikali mwaka 1933, baada ya mtikisiko wa uchumi wa dunia nzima. Lakini alikuta hazina ya uchungu imeshawekwa, kila nyumba ina fungu lake, na kazi yake ikawa ni kuchota tu.

Linganisheni na 1945. Safari hii Ujerumani ilipigwa kuliko mwanzo: nchi ikagawanywa, ikakaliwa na majeshi ya kigeni, ardhi ya mashariki ikakatwa. Hata hivyo yalifanywa mambo mawili ambayo hayakufanywa 1919. Kule Nuremberg walihukumiwa watu 22 kwa majina yao, 12 wakapewa hukumu ya kifo, na 3 wakaachiwa huru. Zingatieni hao 3. Mahkama inayoweza kumwachia huru mtu wa upande ulioshindwa inakuwa haikuja kulipiza kisasi tu. Jambo la pili, watu wa kawaida walipewa nafasi ya kuishi: msaada wa Marshall kuanzia 1948, kisha mwaka 1953 wadai wakakutana London wakakata takriban nusu ya deni la Ujerumani. Nasema hayo nikijua pia kuwa Wajerumani kiasi ya milioni 12 walifukuzwa au walikimbia kutoka mashariki, wazee na watoto, na wengi walifia njiani. Hilo lilikuwa la kuadhibu watu kwa jina lao, na mpaka leo ni doa.

Sasa turudi hapa nilipokaa. Kwa wale mlioko Toronto na Copenhagen ambao Omani mnaijua kwa likizo tu: nchi hii imepigana vita viwili ndani ya umri wa wazee wetu, Waomani kwa Waomani, na kila vita vilimalizwa kwa namna yake.

Vya kwanza ni vya Jabal Akhdar, baina ya Sultan Said bin Taimur na Imamu Ghalib bin Ali. Vilimalizika Januari 1959, askari wa Kiingereza walipopanda mlima usiku na kuiteka ngome. Kabla ya hapo ndege za Kiingereza zilikuwa zimeshapiga vijiji. Ukitoka Nizwa kwenda Bahla utayaona magofu ya Tanuf, kuta za udongo zimesimama bila ya mapaa, siku hizi watalii hupiga picha hapo. Imamu mwenyewe na ndugu yake walifika Saudia salama, na Imamu Ghalib alikufa Dammam mwaka 2009, mtu mzee. Walioachwa bila ya nyumba ni watu wa Tanuf. Baada ya ushindi Sultan hakuwapelekea watu wa ndani skuli wala dawa. Alidhani kushinda kunatosha.

Vya pili ni vya Dhofar, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana somo. Vita vilianza Juni 1965. Sultan Said alikuwa akiishi Salala yenyewe, na Aprili 1966 askari wake wa Kidhofari walijaribu kumuua. Tangu hapo akawa anawaadhibu watu wote wa mlimani. Chakula kikazuiliwa kisipande. Salala ikazungushiwa uzio wa seng'enge. Nyumba zikachomwa, na visima vikazibwa kwa saruji. Msamaha kwa anayetaka kusalimu amri ulikuwa haupo, maana yake aliyeshika bunduki hata akijuta hana pa kurudi. Sasa hebu fikirini, wewe ni mchunga ngamia, humjui Marx wala Mao, umezibiwa kisima. Utakwenda wapi? Kufikia 1970 takriban mlima wote ulikuwa mikononi mwa waasi, na barabara ya kutoka Salala kwenda kaskazini imekatwa.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos akamwondoa baba yake. Katika mambo yake ya mwanzo kabisa alitangaza msamaha. Aliyeshuka na silaha yake alipokewa, akalipwa thamani ya bunduki, na akitaka akaandikwa katika firqa, vikosi vya Wadhofari wenyewe, ambavyo vingi vilijaa watu waliokuwa waasi. Kila eneo lililotulia lilichimbwa kisima, likawekwa duka, zahanati, skuli na msikiti. Mzee wetu wa Salala ananambia yeye alipakia zaidi mabomba ya maji na magunia ya mchele kuliko risasi. Vita vikatangazwa vimekwisha tarehe 11 Disemba 1975.

Na msidhani ni wachunga ngamia tu waliosamehewa. Yusuf bin Alawi alikuwa katika harakati za Dhofar, akiziwakilisha Cairo. Huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri anayesimamia mambo ya nje ya Omani, tangu 1997 mpaka 2020. Dola nzima ikazungumza na dunia kwa ulimi wa mtu aliyekuwa upande wa pili wa bunduki.

Waasi nao walifundishwa somo lile lile kwa upande wao. Walipoanza kuwaua masheikh wa kabila na kuwadhibu waliotaka kushuka, na kuwagusa watu katika dini yao, ndipo watu walipozidi kuteremka. Ukali ulimvunja Sultan Said, na ukali ukawavunja na wao.

Kijana wangu alinijibu hapa, na jibu lake si la kudharauliwa. "Ami, Qaboos alikuwa na mafuta. Kusamehe kwa pesa ni rahisi." Ni kweli bei ya mafuta ilipanda mara nne baina ya 1973 na 1974, na bila ya hiyo, pamoja na majeshi ya Iran na maofisa wa Kiingereza, sijui mambo yangalikuwa vipi. Lakini nikamchukua juu ya dari la nyumba yangu nikamwonesha matangi ya Mina al Fahal, hapo tu, upande wa pili wa kilima. Shehena ya kwanza ya mafuta ya Omani ilitoka hapo mwaka 1967. Sultan Said alikuwa na pesa za mafuta miaka mitatu kabla ya kuondoka. Saruji aliyozibia visima ingeliweza kujengea skuli. Pesa zilikuwapo, nia ndiyo iliyokosekana.

Na wala sisemi kwamba Omani ilifanya kila kitu sawa. Msamaha haukuwa wa kila mtu: waliokamatwa mwishoni mwa 1972 katika njama za kaskazini walihukumiwa kwa ukali, na wapo waliouliwa. Tena hakuna tume iliyokaa ikaandika nani kamuua nani. Jambo lilifunikwa. Wapo watu hapa Maskati ambao hawajui baba zao walizikwa wapi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo nikisema Dhofar ni mfano mwema, nasema ni mwema kwa nusu: walipewa maji, kazi na heshima, ila hawakupewa maelezo.

Nitaje moja la majirani zetu kwa mukhtasari. Majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 baada ya Idi Amin kuivamia Kagera. Yalipofika West Nile, kwao Amin, watu walikuwa wakingoja kuchinjwa, na kwa sehemu kubwa Watanzania hawakuwagusa. Kisha ikaja zamu ya jeshi jipya la Uganda. Mwishoni mwa 1980, baada ya askari wa zamani wa Amin kushambulia kutoka nje, jeshi hilo liliilipizia kisasi nchi nzima ile. Watu wakakimbilia Sudan na Zaire, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuliwa. Amin mwenyewe alikuwa Jeddah, na huko alikufa mwaka 2003. Ama West Nile, iliendelea kutoa waasi mpaka miaka ya 90.

Basi angalieni: Kaiser Doorn, Imamu Dammam, Amin Jeddah. Sisemi watu hawa ni sawa, hasha, Imamu Ghalib si wa kulinganishwa na Amin. Nasema njia ni ile ile. Adhabu ya jumla humfikia aliyeshindwa kukimbia. Mkubwa ana meli, ana ndege, ana rafiki wa kumpokea. Aliyebaki ni mwenye ng'ombe wawili na bibi yake mgonjwa.

Na hapa nafika pagumu, kwetu.

Tarehe 12 Januari 1964 nilikuwa na umri wa miaka saba. Sultan Jamshid aliondoka kwa meli, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, akaruhusiwa kuja Omani mwaka 2020, akafa hapa Maskati Disemba 2024, Mungu amrehemu. Mawaziri wa serikali iliyopinduliwa, akina Sheikh Muhammad Shamte na Sheikh Ali Muhsin, walikaa gerezani bara miaka kumi bila ya kesi. Lau wangalishitakiwa kwa kosa lolote, tungalilijua kosa. Lakini waliokufa wengi si hao. Ni Mmanga muuza duka shamba, mke wake na watoto wake, waliouliwa kwa jina tu. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo kwa sababu hakuna aliyetaka kuhisabu. Baba yangu alikuwa karani, akakaa kambini wiki kadhaa, kisha tukapakiwa. Tuliishi Dubai mpaka 1972 ndipo tukarudi Omani. Nasema tukarudi, na mimi sikuwahi kuiona.

Baba alikuja na kisanduku cha bati, na ndani yake mna hati ya shamba la babu, mikarafuu na minazi, kaskazini ya mji. Ardhi ilitaifishwa 1964, na kuanzia 1965 mashamba kama hayo yakagawiwa watu, eka tatu tatu. Baba alipokufa hati ikawa yangu. Mwaka 1995 nilikwenda nayo Unguja. Katika ofisi moja karani aliishika kwa ncha za vidole, akanirejeshea, akasema, "Hii weka ukumbusho." Nikatoka nimejaa hasira, nikakodi gari nikaenda shambani moja kwa moja.

Nilimkuta bibi mmoja wa makamo, anaanua karafuu jamvini. Nilimwambia mimi ni nani. Sikumsalimia vizuri hata, nasikitika. Akaniangalia, akamtuma mtoto akaangue madafu, akaniwekea kiti. Akanambia: "Mwanangu, mimi sikuiba. Baba yangu alikuwa mkaazi katika shamba la watu, akatolewa na mimea yake imesimama, kwa sababu alipiga kura kusikotakiwa. Tulilala njiani. Nilipopewa hapa nilikuwa na mimba ya huyu mkubwa wangu. Sasa wewe unataka niende wapi?"

Nilikuwa nimesoma vitabuni khabari za wakaazi waliofukuzwa mashambani baada ya uchaguzi wa 1957. Nilikuwa nikisomesha, tena kwa mistari miwili. Sikuwahi kukaa kwenye kiti cha mmoja wao. Na ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1897 utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, fidia walilipwa wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Wazee wetu waliipokea ile fidia, na katika majlis zetu hapa Maskati hili halizungumzwi sana. Tunaanza kuhisabu tarikh Januari 1964, kama kwamba kabla ya hapo kulikuwa na karafuu na taarab tu.

Hayo hayahalalishi kuuliwa kwa mtoto wa muuza duka. Nasema waziwazi ili asije mtu akanibandika maneno. Aliyepewa bunduki akaua, kosa lake ni lake, na waliomtuma kosa ni lao. Lakini wale waliosema 1964 tuwaadhibu Waarabu kwa ya 1897 walikuwa wakifanya hisabu ile ile anayoifanya kijana wangu anaposema tuwaadhibu wao kwa ya 1964. Wote wawili wameruka nusu ya pili ya methali.

Hata katika Fat-hu Makka, mwaka wa 8 Hijria, mji uliomtoa Mtume na kuwaua masahaba zake ulipoangukia mikononi mwake, walioamrishwa washikwe ni wachache waliotajwa kwa majina, na hata katika hao wengi walisamehewa baadae. Watu wa mji walibaki majumbani mwao. Nadhani sisi tunaosali swala tano hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Kwa hiyo, jibu langu kwa kijana ni hili. Silaha zichukuliwe. Mwenye damu mikononi aitwe kwa jina lake, kama yuhai, na akikosekana ushahidi aachiwe. Kilichoporwa kirejeshwe pale kinapoweza kurejeshwa bila ya kumtupa nje asiye na kosa. Na watu waliobaki wapewe maji na skuli na nafasi ya kuwa mawaziri. Zanzibar yenyewe ilijaribu mlango huu mwaka 2010, wananchi walipopiga kura ya maoni tarehe 31 Julai na kukubali kwa asilimia 66 kwamba anayeshindwa uchaguzi naye apate kiti serikalini. Mlango ule umefungwa na kufunguliwa tena tangu hapo, lakini kila ulipokuwa wazi watu walilala usingizi.

Ama mimi, shamba silitaki. Ninachokitaka ni kidogo, na mpaka leo sijakipata. Nataka majina ya waliouliwa yaandikwe, yote, na makaburi yao yajulikane. Nataka katika kitabu hicho hicho yaandikwe majina ya wakaazi waliofukuzwa, na ya waliouzwa sokoni Mkunazini, kila tutakayempata. Na watoto wa pande zote wakisome kitabu kimoja. Adhabu ya kutosha kwa mwenye kosa aliyekufa ni kutajwa. Asiye na kosa haki yake ni kuachwa.

Nilimsomea kijana wangu haya kabla ya kuyaleta hapa. Akacheka, akasema, "Ami, wewe umechoka tu." Labda kweli nimechoka. Lakini kabla ya kuondoka akaniomba ile hati aitazame. Aliikunjua juu ya meza, akaisoma jina la babu yake mkubwa polepole, na mipaka yote minne ya shamba, mashariki kwa fulani, magharibi kwa fulani. Kisha akauliza yule bibi alikuwa na watoto wangapi. Nikamwambia sikumuuliza. Akanambia, "Ungelimuuliza."

Hati nimeirudisha kisandukuni. Sikuichana na siitumii.

Naomba michango yenu, khasa kutoka kwa wale ambao wazee wao walikuwa upande wa pili wa 1964. Nyinyi ndio ninaopenda kuwasikia zaidi.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu, Darsait, Maskati